Farasi wa Kamanda, Punda Wetu

Kitabu alichoniachia babu hakina mwisho. Kurasa za nyuma alizivuta moja moja, siku ambazo tumbaku ilikuwepo na karatasi ya kusokotea haikuwepo.

Ni kitabu cha Kiswahili kilichochapwa Moscow zamani, chenye habari za kamanda mmoja wa Kisovieti aliyeongoza jeshi la wapanda farasi. Alizaliwa maskini, akatunza farasi wa watu, akaingia jeshini na kupanda vyeo hadi juu kabisa. Kwenye picha masharubu yake yameuzidi uso. Babu hakuwahi kuona farasi. Kila nilipomsomea aliuliza jambo lile lile: "Sasa mtu mkubwa hivi, ng'ombe wake wangapi?" Nilitafuta, sikuona. Babu alimhurumia sana.

Mimi niliishia darasa la saba na nasoma polepole, ukurasa mmoja wakati punda anakunywa maji. Kazi yangu ni mkokoteni. Nabeba viroba vya mawe ya dhahabu kutoka kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo, upande wa Bulyanhulu, hadi kwenye karasha yanakosagwa. Kwa Kamanda nilijifunza jambo moja: askari wake hakula kabla farasi hajala. Nami sinywi hata chai mpaka punda ashibe. Vijana wa karasha wanalijua hilo.

"Mpishi wa punda!" wananiita. "Leo bosi wako amekula nini?"

Maneno yangu hufika watu wakiwa wameshaondoka.

Ukurasa wa mwisho uliobaki unasema vifaru vimekuja, na wakubwa wenzake wanaona farasi wamepitwa na wakati. Kamanda anakataa. Anasema kuna tope ambalo injini haipiti. Hapo karatasi inakatika. Farasi walipelekwa wapi, sijui. Swali hilo nilikuwa nalo tangu zamani, lakini mwaka huu lilininyima utulivu, kwa sababu baba alinunua toyo, pikipiki ile ya mizigo yenye magurudumu matatu.

"Punda apumzike sasa," baba alisema.

Nilijua kupumzika gani. Mnunuzi wa punda wa kuchinja, anayetafuta ngozi, alikuwa aje Jumamosi. Wiki nzima nilizunguka zizi. Nilifunga kamba, nikaifungua, nikaifunga tena. Nilikwenda kisimani nikarudi nimesahau ndoo.

Jumamosi ilikuja na mvua. Asubuhi baba alitangulia na toyo, likazama kwenye kivuko cha kijito likiwa na viroba vyote. Akaniita nilete punda. Nilipofika, mnunuzi alikuwa amekwisha kufika pia. Alisimama pakavu, viatu mkononi.

"Mwangaluka, mzee," alimwamkia baba. "Naona toyo lako linalima."

"Mwangaluka. Cheka tu."

Nilifunga kamba nikapiga mluzi. Punda aliinamisha kichwa, akavuta, akasimama, akavuta tena. Toyo likatoka. Nilifurahi kwa muda mfupi sana, maana mnunuzi alikuja kumpapasa mgongo.

"Mnyama mwenye nguvu hivi? Huyu namwongezea bei, mzee."

Baba alikuna kidevu. Namjua: akikuna kidevu hivyo, anakaribia kukubali.

"Baba, asiuzwe."

Baba alimtazama punda kwanza. Halafu ndipo akanigeukia mimi.

"Nani kasema?"

"Mimi." Nilishika kamba ya punda. "Toyo litazama na kesho. Na keshokutwa."

"Kumbe huyu naye anaongea!" mnunuzi alicheka. "Mzee, nilidhani ni bubu."

Baba hakucheka. Aliangalia magurudumu, akaangalia kijito, akajifuta tope usoni.

"Mpaka mvua ziishe," alimwambia. "Ardhi ikikauka, njoo umchukue."

Nilifungua kamba kwenye toyo, nikamwongoza punda kutoka topeni.

Tangu hapo nikiamka naangalia ardhi kabla ya kuosha uso. Vijana wanadhani nimepoteza kitu kivukoni, kwa jinsi ninavyokwenda huko kila asubuhi, nakanyaga, narudi. Nadhani Kamanda naye aliwahi kukanyaga hivi, akiombea tope.

Jana kisigino kilizama chote. Leo kimezama nusu. Nimempa punda pumba zake, nimesimama naye akila. Upande wa ziwa, mvua zinakotoka, hakuna wingu.