Swali la Kufungulia Kikao

Kikundi cha mama yangu pale Igogo, Mwanza, hakifungui kikao kwa sala peke yake. Wakishasema amina, mwenyekiti anawatazama mmoja mmoja, kisha anauliza: "Kuna yeyote hapa ana mtu asiyesalimiana naye?" Mwenye naye anasema. Akishasema, hagusi tena kesi ya mtu mwingine. Anakwenda jikoni kupika chai, mpaka siku atakapoyamaliza ya kwake. Hilo hawakufundishwa na mtu. Walianza kama akina mama wa kupika misibani, na ukisonga ugali na mtu mliyenuniana, ugali unaungua, basi wakaona heri waulizane mapema. Baadaye watu wakaanza kuwaita kupatanisha: ndugu waliogombea nyavu, mke na wakwe, mpaka familia za visiwani zilizotishiana mapanga.

Mwenyekiti huyo ni mama. Na huo ndio ulikuwa ujanja wake: anayeuliza haulizwi.

Maana mama alikuwa na mtu. Mdogo wake wa tumbo moja, mama yangu mdogo, anakaa Kiseke, hapa hapa mjini, na walikuwa hawajasalimiana tangu tulipomzika bibi, mwaka wa nne huo. Ukimgusa mama kwenye hilo anakwambia, "Mimi ni mkubwa. Mkubwa anasubiri kuamkiwa." Anasema hivyo huku anachambua dagaa kwa hasira, mpaka unawaonea huruma dagaa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Bibi aliugua akiwa kwa mama mdogo. Mama alikuwa anakwenda kumwona kila siku, ila wiki ile akaitwa Ukerewe. Koo mbili zilikuwa zinataka kuuana kwa ajili ya shamba. Bibi alikuwa amepata nafuu kidogo, mama akapanda meli. Akawapatanisha vizuri kabisa, wakampa na jogoo. Aliporudi na jogoo wake kwapani akakuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa. Mama mdogo akamwambia mbele ya waombolezaji wote: "Watu baki umewapatanisha. Mama yako amekufa hukuwepo." Mama naye akasema hawezi kutukanwa na mtoto ambaye yeye ndiye aliyembeba mgongoni. Basi, yakawa hayo.

Sasa ikaja safari. Shirika moja la mjini linaloshughulika na mambo ya amani lilisikia habari za kikundi, likamwalika mama kwenda Bukavu, Kongo. Akina mama wa vijiji vilivyokuwa vimepigana walikuwa wanakutana huko, pamoja na askari wanawake wa kulinda amani, wengine Watanzania wenzetu, na walitaka mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili watu wanaanzaje tena kukaa pamoja. Weee! Nyumba haikukalika. Mama alichomwa chanjo ya homa ya manjano, akazunguka mtaa mzima anaonyesha bega. Akashonesha vitenge. Akanunua sanduku la magurudumu, akawa analifanyia mazoezi barazani, kwenda na kurudi, huku majirani wanamshangilia. Mimi nina duka la steshenari Mkuyuni, kwa hiyo hotuba niliichapa mimi, na kila asubuhi alikuja na sentensi mpya ya kuanzia. Alinichosha jamani, lakini nilimpenda sana siku zile. Mwanamke wa darasa la saba, muuza dagaa, anakwenda kuongea na wanajeshi na wala hatetemeki!

Kikao cha kumuaga nilikuwepo, nimepeleka soda. Mama akauliza swali lake la siku zote. Hapo katibu wao, mama mmoja mpole anayeuza ndizi, akainuka. "Mwenyekiti, leo na wewe tunakuuliza."

Mama akacheka. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Wale mama zetu wa kule wamezika watoto," katibu akasema. "Utawaambiaje wasalimiane, na wewe Kiseke tu hapo hufiki?"

Wakakubaliana hapo hapo, akina mama wote: ayamalize kabla ya safari, la sivyo aende mwingine. Mama alirudi nyumbani amenuna, anasema wamemwonea wivu. Lakini kesho yake akanigongea mlango asubuhi, nimsindikize.

Njia nzima kwenye bajaji alikuwa anarekebisha kilemba. Tulimkuta mama mdogo anatoka bandani na trei la mayai, anafuga kuku. Habari zilikuwa zimeshamfikia, Mwanza hii nani asiyejua ya mwenzake? Kabla mama hajamaliza kubisha hodi, akasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba," mama akajikuta ameitika.

Moyo wangu! Nilikaribia kupiga kigelegele.

"Haya," mama mdogo akasema, "ulichokifuata umekipata. Nenda Kongo." Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Bora angeubamiza.

Nilikasirika mimi. Kwenye bajaji nikamwambia mama, huyo mdogo wako ana roho mbaya, lakini si amekuamkia? Yameisha, panga sanduku lako. Mama akakivua kile kilemba, akakikunja mapajani.

Kikao kilichofuata katibu ndiye aliyeuliza. Mama akasimama. "Nimeamkiwa," akasema. "Lakini hatujasalimiana." Akamkabidhi katibu karatasi zote za hotuba, akaenda jikoni kuwasha jiko la chai. Mimi nikamfuata huko huko kumsema. "Kha! Mama, si ungenyamaza tu? Nani angejua?"

"Yule wa Kiseke angejua," akasema, akaendelea kupuliza moto. Nilitamani kumkumbatia na kumtikisa kwa pamoja.

Siku ya safari tulimsindikiza katibu stendi ya Nyegezi. Alikuwa analivuta sanduku la mama, na mama alikuwa anamwelekeza namna ya kulivuta. Tukapunga mikono mpaka basi likapotea. Nilijua mama akitoka pale atakwenda kulala, alie peke yake. Badala yake akaniambia, "Twende Kiseke."

Mama mdogo alikuwa anaosha vyombo vya kunyweshea kuku. Akatutazama, akatazama na kile kitenge kipya mama alichovaa.

"Si unaondoka leo?"

"Mwenzangu ameondoka."

"Na wewe?"

"Sikwenda." Mama akageuza ndoo tupu, akaikalia. Hakuzungusha maneno. "Sijawahi kukuuliza mama alikufaje. Nimekuja uniambie."

Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Wote tulikuwa tumeshughulika na jinsi alivyomsema mama msibani, na mimi nikiwa wa kwanza. Mama mdogo akaanza kujifuta mikono kwenye kanga, akaendelea kujifuta muda mrefu, ingawa mikono ilishakauka. Akasema bibi hakuteseka. Asubuhi ile macho yake yalikuwa hayaoni tena, na chai aliyonyweshwa hakuimeza. Ila alikuwa anamtafuta mama. Alimwita kwa jina lake la utotoni, akanyamaza, akamwita tena.

"Ukamwambia niko Ukerewe?" mama akauliza.

"Ningemwambiaje hivyo, dada? Si angekufa anakusubiri?" Mama mdogo alikuwa analia sasa, na mimi pia, sikujificha. "Sauti zetu zinafanana. Aliita jina lako, nikaitika mimi. Nikamshika mkono, akasema, kumbe umekuja. Nikamwambia, ndiyo mama, nimekuja."