Harusi ya Kaisa na Ratiba Laini ya Nungunungu

Tuwekeane dau: nikimaliza kusimulia haya, hakuna hata mmoja wenu atakayeamini. Mtasema hakuna mtu duniani anayevaa skafu ya timu yake, akalipa kiingilio, akakaa kwenye kiti chake cha miaka yote, halafu akamwomba Mungu timu hiyohiyo ifungwe. Yupo. Anaitwa Dale Kemppainen, anaendesha greda la kusukuma theluji hapa Pelkola, na kwa akili hakuna kompyuta inayomfikia. Aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe, kwa hiyo chanzo ni cha kuaminika.

Sasa, hapa kwetu mtu hapangi jambo lolote mwishoni mwa Machi bila kuuliza kwanza: Nungunungu watacheza? Nungunungu ndiyo timu ya chuo chetu, hoki ya barafuni, na wiki hiyo ndiyo timu kumi na sita za vyuo vya nchi nzima zinapoanza kutoana. Nungunungu wakiwemo, mji unahama. Kuna bibi mmoja alizikwa Jumanne badala ya Jumamosi, na watu wanaapa kwamba aliyeomba hivyo ni marehemu mwenyewe.

Na wa kuulizwa ni Dale. Nani mwingine? Yeye ndiye anayejua siri ya kompyuta. Maana wale kumi na sita, mabingwa wa ligi wanaingia moja kwa moja, waliobaki wanachaguliwa na kompyuta, na kompyuta haina mjomba wala haili rushwa. Inatazama umemfunga nani, na huyo uliyemfunga naye kamfunga nani. Ukitwanga vibonde hata msimu mzima, inakupa pole na kukuambia ukapumzike.

Basi Novemba binti yake, Kaisa, akamjia. Amechumbiwa na Garrett, kijana mpole kutoka Iowa, huko wanakolima mahindi na kudhani barafu ni ya kuwekea kinywaji.

"Baba, ukumbi una nafasi Jumamosi ya mwisho ya Machi. Niuchukue?"

"Chukua."

"Nungunungu?"

"Nungunungu gani, mwanangu? Umeiona ratiba yao? Laini kama uji wa mgonjwa, vibonde watupu. Wakifika huko, mimi nitahubiri kanisani badala ya mchungaji."

Kaisa akachukua ukumbi.

Jumamosi hiyo Dale alikwenda kuoga mvuke kwa shemeji yake Rudy, kaka wa mkewe. Sauna ya Rudy ni kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, na ndiyo bunge letu: wanaume uchi kama walivyozaliwa, mawe ya moto, ndoo ya maji, na hoja. Sheria ni moja. Anayeshuka benchi la juu kwanza, hoja yake imekufa, hata angekuwa na ushahidi wa malaika.

"Laini, shemeji? Umewasahau Stony Lake? Tumewafunga mara mbili," Rudy alisema.

"Stony Lake hao wanaoteleza kama ng'ombe kwenye sabuni?"

"Ngoja Januari. Stony Lake wakianza kushinda, ushindi wetu juu yao unapanda thamani. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha, hukuelewa. Mwaga maji."

Rudy akamwaga maji, mawe yakalia, mvuke ukawachapa masikio.

"Nakwambia mapema," Rudy akasema. "Mimi sijakosa mechi ya mtoano ya Nungunungu tangu niote ndevu. Wakiingia, nakwenda. Harusi au si harusi."

"Hutakwenda popote. Utakuwa hapa unapiga kodiani na kula keki."

"Kodiani utapiga wewe."

"Mwaga tena."

Rudy alishuka kwanza. Ana presha, daktari kamkataza hata kuchungulia mle ndani. Dale alihesabu ushindi.

Ila jambo moja hakulifikisha nyumbani: kile kiapo cha Rudy. Na Rudy si mjomba wa kuletwa kujaza meza. Ndiye aliyemfunga Kaisa viatu vya kuteleza alipokuwa na miaka mitatu, ndiye aliyemsimamia ubatizo, na kodiani yake, kile kinanda cha kuvuta kwa mikono, ndiyo imechezesha kila bibi harusi wa ukoo ule. Kaisa alikuwa amesema tangu utotoni kwamba atafungua dansi na wimbo wa mjomba au hafungui kabisa. Dale aliyajua yote hayo. Lakini kwa nini umsumbue mtoto kwa jambo ambalo wewe, bingwa wa hesabu, unajua halitatokea?

Ikafika Januari. Ng'ombe wa Stony Lake wakajifunza kuteleza.

Wakashinda mechi moja, wakashinda nyingine, wakamfunga hadi bingwa wa ligi yao. Kila wakishinda wao, Nungunungu walipanda ngazi hata siku waliyokuwa nyumbani wamelala. Dale aliyasikia matokeo kwenye redio ya greda, na wiki hiyo masanduku mawili ya barua ya watu wema yalisukumwa mtaroni pamoja na theluji.

Uwanjani ndiko kulikuwa na raha. Nungunungu wanafunga bao, watu wote wamesimama, Dale amekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Nyuma yake hukaa Bi Elvi, mwalimu mstaafu, hapitwi na kitu.

"Dale, tumefunga."

"Nimeona."

"Mbona umekaa?"

"Goti."

"Juzi lilikuwa mgongo."

"Yanapokezana, mama."

Na kila Jumatatu, orodha mpya ikitoka, Rudy alipita na lori lake taratibu mbele ya nyumba, akateremsha kioo. "Wa kumi na tisa, shemeji." Wiki inayofuata: "Wa kumi na saba. Hao vibonde wetu wanakusalimia." Dale alijibu kwamba kompyuta imelewa. Kisha kwamba kompyuta imenunuliwa. Mwishoni alisema kompyuta ni ya watu waliosoma sana, na waliosoma sana hawajui hoki. Hapo, nakiri, nilimwunga mkono.

Siku ya kutangazwa timu, ukoo wote ulikuwa sebuleni kwa Dale mbele ya televisheni, na sinia la pasti za nyama na viazi mezani. Zikatajwa kumi na tano. Dale akaanza kutabasamu, akanyoosha mkono kuchukua pasti. Ikatajwa ya kumi na sita.

Rudy aliruka mpaka paka akakimbilia chini ya kochi. Halafu akamwona Kaisa, akakaa.

"Wanacheza lini?" Kaisa akauliza.

"Jumamosi," Rudy akasema. "Saa nane na nusu mchana. Ni mwendo wa siku nzima kwa gari."

Harusi ilikuwa saa nane.

"Tunaweza kusogeza," Garrett akasema, maskini, akidhani anasaidia.

"Ndugu zako wameshakata tiketi za ndege," Kaisa akamjibu. "Hatusogezi. Baba, nilikuuliza."

"Nani angejua kama Stony Lake..."

"Mimi nilimwambia baba yako tangu Novemba," Rudy akasema, macho chini. "Nilimwambia wakiingia nakwenda. Nilijua amekufikishia."

Kaisa akamtazama baba yake. Dale akaitazama pasti yake kwa bidii, kama vile imeandikwa kitu.

"Nenda, mjomba," Kaisa akasema. "Sitakununia." Kisha akaingia jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Mtu mwenye akili ya kawaida angemfuata shemeji yake na kusema: tafadhali, baki. Dale si wa akili ya kawaida. Neno "tafadhali" kwake ni mwiba wa samaki, halipandi wala halishuki. Badala yake, Jumatatu asubuhi alipeleka greda nyumbani kwa Rudy akamsafishia njia. Jumanne akaisafisha tena. Jumatano theluji haikuwepo hata ya kutia kijikoni, lakini akaja, akakwangua mpaka kokoto zikahamia kwa jirani.

Rudy akatoka na kikombe cha kahawa. "Shemeji, hiyo unayosukuma ni nyasi."

"Nazuia isirundikane."

"Haya. Sema ulilokuja nalo."

Dale akazima injini. "Nakuonea huruma tu. Uendeshe siku nzima kwenda kutazama aibu? Wamepangiwa na namba moja wa nchi. Ratiba yetu ilikuwa laini, hawajapimwa hawa. Watapigwa sita bila."

"Unaniomba nibaki, au unaitukana timu yangu?"

"Nakupa elimu."

"Kaisa kakutuma?"

"Kaisa hajasema nami tangu Jumapili."

Rudy akanywa kahawa yake. "Na wewe unataka nini, Dale?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa, hata kipofu angepita. Dale akafikiri, akakohoa, akasema: "Tairi lako la nyuma limepungua upepo. Kwa safari ndefu ni hatari." Akawasha greda akaondoka.

Jumamosi ikafika, mbingu buluu, jua kali. Kanisani, upande wa Garrett ulijaa watu wa Iowa, wametulia kama magunia. Upande wetu mtu angeweza kulala kwenye benchi na kunyoosha miguu. Waliokuwepo walikuwa wazee, wagonjwa, na wachache tunaompenda Kaisa kuliko hoki, nami nawaomba msilitangaze hilo.

Mlangoni Kaisa alishika mkono wa baba yake. Akachungulia benchi la mbele.

"Mjomba?"

"Barabara zina barafu leo," Dale akasema.

Kaisa akaangalia nje, matone yanadondoka paani kwa jua. Akashusha shela usoni, na Dale akaona kidevu chake kinatetemeka chini ya kitambaa. Hapo bingwa wa hesabu akaanza kuhesabu mabenchi matupu.

Kinanda kilikuwa kimeshaanza lori lilipoingia uani kwa kasi ya mwizi. Rudy akashuka na suti ya msiba na soksi za kijani za Nungunungu, kodiani kifuani.

"Umechelewa," Dale akasema. Huyo ndiye Dale.

"Nilitoka usiku, nikafika kwenye daraja la nusu ya njia, nikageuza."

"Tairi?"

"Tairi ni zima. Si umesema watapigwa sita bila, ratiba laini? Niende kuona aibu?" Akainua shela akambusu Kaisa kwenye paji la uso. "Twende, binti. Mchungaji naye ana redio sikioni, tusimcheleweshe."

Wakafunga ndoa. Ukumbini Kaisa alifungua dansi kama alivyotaka, mjomba kwenye kiti cha mbele anavuta kodiani mpaka watu wa Iowa wakaanza kugonga miguu, bila mtu kuwalazimisha. Kaisa alicheka hadi rangi za macho zikamwagika. Garrett alicheza kama anakanyaga mende, lakini kwa moyo.

Katikati ya wimbo wa tatu Bi Elvi akasimama, waya wa redio unaning'inia kwenye hereni yake. "Muda wa nyongeza," akasema. Watu wakaganda. Kodiani ikaendelea kidogo, kisha ikafa na mluzi. Tukamtazama Bi Elvi usoni, na Bi Elvi akatutazama, mkono mdomoni.

"Wamefunga," akasema. "Sisi. Nne kwa tatu. Tumemtoa namba moja."

Wazee wakakumbatiana na watu wasiowajua. Watu wa Iowa wakapiga makofi ya heshima, wakidhani keki inakatwa. Ushindi mkubwa kuliko wote tangu chuo kijengwe, na katika watu wote wa Pelkola, Rudy ndiye aliyegeuza lori darajani. Alikaa na kodiani mapajani, anacheka, anajifuta macho, hajui aanze na lipi.

Dale akavuta kiti akakaa kando yake. Ukumbi ukapoa kidogo, kila mmoja amekaza sikio.

"Shemeji," Rudy akasema.

"Naam."

"Sita bila."

Dale akamtazama Kaisa, aliyesimama katikati ya ukumbi na viatu mkononi, anangoja wimbo wake umaliziwe.

"Ratiba yetu ilikuwa ngumu," Dale akasema. "Hilo nilikosea."