Pete Mbili za Chuma

Nkwa, nkwa, nkwa. Nyundo ya Mzee Feruzi, fundi baiskeli wa mtaani kwetu Kariakoo, bado naisikia waziwazi ikipinda vyuma viwili kwa ajili yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Miguu yangu ilipooza nikiwa mdogo, nami nilitembelea kiti alichoniundia baba kwa magurudumu ya baiskeli. Nilikisukuma kwa kushika mpira wenyewe, ule unaokanyaga mchanga, matope na mavi ya punda. Shangazi, aliyetulea baada ya mama kufariki, akaniondoa kwenye sinia kwa uchafu huo wa mikono. Wenzangu waliuzunguka wali mkekani, mimi nikala pembeni. Kwa kuwa nilipenda kuota, niliota vyuma vile vitanirudisha siniani.

Mzee Feruzi alivifunga ubavuni mwa magurudumu, akaviita pete. "Makubwa!" shangazi akasema. "Huyu kavishwa pete hata hajaposwa!" Nilicheka kuliko wote. Lakini pete zenyewe hazikuwa na utani. Jua la adhuhuri lilizipasha kama kikaango, nami nilizikamata kwa woga mpaka viganja vikavimba. "Usizing'ang'anie, bibi mdogo," mzee aliniambia. "Gusa, sukuma, achia. Dole gumba lilaze juu. Ukiliingiza ndani, spoki zitalimega. Na kwenye mteremko usibane ghafla, zipapase taratibu." Akazizungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli zisiniunguze. Malengelenge yakapasuka, yakageuka sugu, na wiki ya tatu nilikwenda sokoni na kurudi bila kidole kugusa gurudumu.

Idi ikafika. Nilinawa, nikateremka mkekani, nikamwonyesha shangazi viganja vyangu vilivyotakata. Hakuvitazama. "Mwanangu, mikono yako ndiyo miguu yako. Nani anatia mguu siniani?" Wasichana wakaangua kicheko, na binamu yangu akasogeza goti kuziba nafasi. Shangazi hakuwa katili. Ndiye aliyeniogesha na kunisuka, ndiye aliyekesha nami nilipougua. Ndiyo maana neno lake liliingia ndani.

Leo nina kiti cha dukani chenye pete laini, na watoto wa binamu yule yule hunivuta siniani wakigombania kukaa nami. Nawapenda, nacheka nao. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa: nanawa mara tatu kabla sijamega tonge, na jicho langu halijaacha kuangalia nani anasogeza goti. Siku ile ya Idi nilirudi kitini, nikajisukuma hadi ukumbini, na pilau yangu ikaletwa huko, safari hii na kijiko cha wageni kimesimama katikati. Nilikichomoa, nikakiweka sakafuni. Nikanawa tena, nikala kwa mkono wangu mpaka punje ya mwisho.