Jamaa wa Mlangilangi

Nikipishana na bi harusi aliyevaa kikuba cha maua kifuani, harufu ya langilangi hunirudisha Mlingotini, uani kwa Bibi Mwanahawa, mama yake mama yangu. Bibi alikuwa fundi wa vikuba. Maua yale ya manjano, yaliyolegea kama vipande vya kitambaa, aliyachuma alfajiri akayafunga pamoja na asumini na rehani. Kazi yangu ilikuwa kumshikia uzi na kupiga chafya.

Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wa sayansi alitutaka tupange mimea kwa jamii zake. Mlangilangi nikauweka na mstafeli. Mwalimu akanipigia mkasi mwekundu wa kukosa.

"Langilangi na asumini ndiyo ndugu," alisema. "Stafeli linaingiaje kwenye kikuba?"

Darasa zima likacheka. Nililia njia nzima, maana nilikuwa nimeandika maneno ya Bibi, na kwangu mimi aliyechekwa ni yeye.

Bibi hakunipa hata pole. Kesho yake alivaa doti mpya ya kanga, akajifukiza udi, akachukua kikapu, tukaongozana. Mlangoni pa darasa alisimama kidogo, akavua makubadhi, ndipo akaingia. Niwaambie kweli, niliona haya. Nani huvua viatu darasani?

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugomba. Nimekuletea maua, hebu yafungue mwenyewe."

Mwalimu akayabandua mezani. Langilangi, petali tatu nje, tatu ndani. Ua la mstafeli, nene na gumu, nalo tatu nje, tatu ndani. Asumini lilikuwa mrija mmoja tu uliochanua juu. Sisi watu wa pwani huyaona maua ya kikuba kuwa ukoo mmoja kwa kuwa hukaa pamoja kifuani. Bibi aliyajua kwa kucha zake.

Mwalimu, Mungu amjalie, hakuona aibu kutafuta. Wiki iliyofuata alikuja na kitabu cha chuo akatusomea: mlangilangi, mti wa Asia, jenasi yake Cananga, jamii moja na mstafeli na mtopetope. Akaufuta mkasi wangu mbele ya wote. Nilitembea kifua mbele mwezi mzima!

Miaka mingi nilidhani ushindi ule ulikuwa wangu. Nilikuwa mtu mzima mama aliponieleza kwamba Bibi alikatazwa shule na baba yake, na hakuwahi kukanyaga darasa kabla ya asubuhi ile. Siku yake ya kwanza shuleni, bibi yangu alifundisha.