Kofi kwa Mkono wa Kushoto

Nina hasira tangu Jumatatu, na leo sizifichi.

Katika zahanati moja ya Msambweni, mama aliyeketi kando yangu alimpakata bintiye wa mwaka mmoja na nusu, ambaye hajaanza kusema. Muuguzi alimwinamia mtoto kwa upole: "Wapi panauma, mama?"

Mtoto akainua mkono wa kushoto, akashika sikio la kushoto. Mama akakipiga kile kiganja kofi. "Mkono gani huo? Wa kulia!"

Mtoto akatii. Akainua wa kulia, akashika sikio la kulia. Muuguzi, aliyeyaona yote, akaandika: sikio la kulia.

"Samahani dada," nikasema, "kwanza alishika lile jingine."

"Huyu hata maneno hana, atajua nini?" mama akanijibu.

Mtoto akanitazama. Akanishika kidole, akakivuta mpaka kwenye sikio lake la kushoto. Lilikuwa la moto. Muuguzi akamulika tochi, akaona usaha.

"Maskini! Mbona hukusema, mwanangu?" mama akamuuliza.

Adabu ya mkono wa kulia naijua, na wanangu nimewafunza mezani. Lakini maumivu hayaombi adabu. Nikamjibia mtoto:

"Alisema, dada. Ukampiga."