Sidii ya Arusi Iliyokataa Kucheza Malili

Mwisho wa miaka ya tisini nilikuwa na duka la video pale Emali, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupiga picha za arusi. Zamani niliwapa watu kanda, nao wakaridhika. Kisha zikaingia mashine za sidii, na ghafla hakuna Mkristo mwenye heshima aliyetaka kanda. Nikanunua kompyuta ya kuchomea sidii, yaani kuzitia picha, kutoka kwa jamaa mmoja wa Nairobi, aliyeniapia kwamba nikichoma nayo, sidii itacheza popote. Hakusema popote ni wapi.

Arusi ya kwanza niliyochoma ilikuwa ya binti wa mama mmoja wa Kasikeu, kiongozi wa akina mama kanisani. Bwana arusi alikuwa mtoto wa mzee wa Malili aliyetajirika kwa malori. Nikachomea kila upande sidii yake, nikakaa kusubiri sifa.

Kwa mama ikacheza vizuri. Alikuwa na kamashine kadogo ka sokoni, kepesi kama sahani tupu. Mzee naye alikuwa na mashine aliyoletewa kutoka Dubai, nzito, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila yeye. Aliwaalika wazee wa kanisa, akawachinjia mbuzi, akaitia sidii. Mashine ikaguna, ikanguruma, ikaandika kwamba hakuna sidii ndani. Akaitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Mhubiri akaiombea. Mashine ikashikilia msimamo wake.

Kesho yake akaniita.

"Kijana, watu wa Kasikeu umewapa nzuri, mimi ukaniletea takataka?"

"Mzee, zote ni sawa. Labda ni mashine."

"Mashine yangu iko na shida gani? Imetoka ng'ambo."

Alikuwa ameshaamua kwamba wakwe zake wamemdharau, na maneno hayo yalifika Kasikeu kabla yangu. Mama alifunga kamashine kake kwa leso, akakabeba hadi Malili, nami nyuma yake, akakaweka juu ya ile ya Dubai bila hata kuondoa kitambaa. Nikaunganisha waya, nikatia sidii ya mzee mwenyewe. Ikacheza.

Bahati mbaya ilicheza yote. Tukaona maharusi, tukaona kwaya, kisha, wakati wa hotuba ya baba wa bibi arusi, tukamwona mzee: amelala fofofo, mdomo wazi, nzi akimzunguka. Nilikuwa nimetulia hapo na kamera muda mrefu kwa sababu kofia yake ilipendeza. Hakuna aliyecheka. Mama alikohoa kidogo, akaomba sukari ya chai.

"Hiyo kipande," mzee akaniambia baadaye, tukiwa wawili mlangoni, "itoe."

Nilirudi Emali, nikanunua sidii tupu za aina nyingine, nikachoma polepole kuliko nilivyofundishwa, nikazunguka nazo kwa kila mtu niliyemjua aliye na mashine. Zingine zilionyesha arusi bila rangi, zingine zilikwama bwana arusi akiwa ameshika pete, wala haivishi. Nikarudi kuchoma tena, mpaka nikapata iliyokubaliwa kila nyumba. Hiyo ndiyo niliyompelekea mzee, bila usingizi wake. Mashine ya Dubai ikaisoma papo hapo.

Akawageukia wageni wake. "Mnaona? Mashine haikuwa na shida. Ilikuwa inakataa kazi mbaya."

Nikamwitikia. Ningefanyaje, naye ana wana wengine wa kuozesha?

Mama wa Kasikeu naye akasikia kwamba siku hizi nachoma sidii isiyochagua mashine. Akaja dukani kuniagiza nakala za kugawia akina mama wote wa kanisa lake. Nikamwuliza kama anataka kama ile ya mzee, iliyopunguzwa kidogo.

"Hapana, nipe yote," akasema. "Baba ya msichana alihutubia vizuri sana. Si haki kumkata."