Nyanya za Kibano

Jina lake la cheti walilijua wachache. Kituoni wote walimwita Kibano, kwa kuwa chombo hicho hakikumtoka mkononi. Alikuwa fundi sanifu wa kitalu katika kituo cha utafiti wa mboga na matunda, na ukimuuliza kazi yake alikujibu, "Mimi mshenga wa nyanya." Hakuwa akitania sana. Kila asubuhi, jua halijakolea, aliinamia ua ambalo lilikuwa bado limejifumba, akalifumbua kwa ncha za kibano, akanyofoa sehemu za kiume zote bila kugusa kile kijiti chembamba cha kike katikati, kisha akalipaka chavua ya mche mwingine. Mwisho alifunga uzi mwekundu wa cherehani aliopewa na mdogo wake mshonaji, ili ua lililokwisha kuozwa lijulikane. Maua mia mbili kwa siku. Mgongo ukigoma, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuendelea.

Adui yao alikuwa mnyauko, ugonjwa unaoishi udongoni. Leo mnyanya umesimama wima, keshokutwa umelala kama uliomwagiwa maji ya moto. Kibano alihangaika na adui huyo miaka kumi na mmoja. Alianza na nyanya pori, vitunda vidogo kama gololi, vichungu, ila mizizi yake haikujali ugonjwa. Akaiozesha na nyanya za kawaida, watoto wake akawaozesha tena, hadi akapata mche wenye sura mbaya na afya ya chuma. Huo akaufanya baba. Mama alikuwa nyanya kubwa, tamu, isiyojiweza mbele ya ugonjwa. Alipoupanda mseto wao kwenye tuta lenye udongo mgonjwa, miche yote ya jirani ililala kifudifudi. Ile yake ikasimama, ikazaa matunda mazito yanayolingana kama yaliyotoka kiwandani. Kibano alicheka peke yake mle kitaluni mpaka machozi yakamtoka.

Yote hayo aliyaandika kwenye daftari la kitalu: nani mama, nani baba, tarehe gani. Mkuu wa idara, ambaye watu walimwita Daktari tu, alitia sahihi kila ukurasa, kila Ijumaa. Alitia sahihi huku anaongea na simu.

Siku ya kuitangaza nyanya hiyo, ukumbi ulijaa. Kibano alipewa kazi ya kupitisha sinia la matunda. Daktari alisimama mbele, akainua viganja vyake laini juu.

"Kwa mikono yangu hii," alisema, "nimeinamia maua miaka kumi na mmoja."

Watu wakapiga makofi. Mgeni mmoja akamwonyesha Kibano, akamuuliza Daktari, "Na huyu mama ni nani?"

"Huyu?" Daktari akacheka. "Huyu ni wetu wa kumwagilia maji."

Ukumbi mzima ukacheka naye. Kibano alitabasamu, akapitisha sinia hadi mstari wa mwisho. Akili yake ilikuwa imetulia kabisa, na hilo lilimtisha hata yeye.

Jioni mdogo wake alimpokea kwa hasira kubwa kuliko yake. "Dada, na wewe ukanyamaza? Ningekuwa mimi ningemrushia sinia lote usoni!"

"Angejifuta."

"Sasa utafanya nini?"

"Sijui bado. Lakini nitamlipa, na atakapolipwa nataka niwe nimesimama karibu."

Hakungoja sana. Wakaguzi wa mbegu walitaka kuona shamba zima la nyanya ile kabla ya kuiruhusu iende kwa wakulima. Daktari alimwita Kibano ofisini.

"Chukua matunda mazuri, kamua mbegu, panda eka nzima," akasema.

Kibano alimtazama. Palepale alielewa kwamba mtu huyu hakuwahi kusoma hata ukurasa mmoja. Nyanya ile ilikuwa chotara. Mbegu za chotara hazirudii sura ya mzazi. Kila mche huenda na wake, huyu amefuata babu, yule amefuata nyanya pori. Ili kupata zilezile, lazima umwozeshe mama na baba upya kila msimu. Neno moja tu kutoka kwa Kibano lingetosha kumzuia.

"Sawa, Daktari," akasema. "Naomba uniandikie agizo."

"Agizo la kumwagilia?" Daktari akakenua, akaandika mistari miwili, akatia sahihi kwa mbwembwe.

Miezi mitatu iliyofuata, Kibano alilitunza shamba lile kama mwanawe. Alipalilia, alisimika miti, hakutaka mtu aje kusingizia ukame au magugu. Kila mche uliotoka mrefu kupita kiasi, kila tunda la njano, kila gololi chungu iliyochungulia kwenye jani, ilimburudisha moyo. Daktari alipita mara moja, mimea ikiwa bado michanga, akaisifia rangi yake.

Wakaguzi walipofika walikuta soko huria. Miche mirefu, mifupi, matunda mekundu, ya njano, yaliyopasuka. Mche mmoja kati ya kila minne umekufa kwa mnyauko ule ule. Mkaguzi mkuu, mama mmoja mkavu mwenye miwani, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Daktari, hii ni nyanya gani?"

Daktari alimnyooshea Kibano kidole. "Huyu amechanganya mbegu! Nilijua tu!"

Kibano alitoa agizo mfukoni, akalikunjua taratibu. Kisha akafungua daftari. Neno *chotara* lilikuwa limeandikwa kwa wino mweusi, na chini yake sahihi ya Daktari. Akafunua ukurasa mwingine. Sahihi. Mwingine. Sahihi.

Mkaguzi akamkabidhi Daktari kibano. "Hebu tuozeshee ua moja. Siku ya kuitangaza ulisema mikono ni yako."

Daktari alilishika ua kama anayetoa mwiba kwenye jicho la mtu. Jasho likamtiririka. Akabana, akavuta, akang'oa kile kijiti cha kike chenyewe, kikabaki kinaning'inia kwenye ncha ya chuma.

"Umeshamuua bibi harusi," Kibano akasema kwa upole. Hakuna aliyecheka, naye hakuhitaji wacheke. Alimtazama Daktari machoni mpaka Daktari akainamisha kichwa.

Daktari aliondolewa idarani, akapelekwa kwenye ofisi ya majalada. Taarifa ya nyanya ile ikaandikwa upya, jina la cheti la Kibano likiwa la kwanza. Ila kazi ya mbegu ilichelewa misimu miwili.

"Na wakulima waliokuwa wanasubiri?" mdogo wake alimuuliza siku moja, sindano iko mdomoni.

"Hao wananiuma," Kibano akasema. "Shamba likimlalia mtu kwa mnyauko sasa hivi, najua na mimi nimo. Lakini ningeanza upya, ningefanya vilevile."

Msimu wa pili Daktari alikuja kitaluni, amepungua mwili, shati limempwaya. Alisimama mlangoni.

"Mama, nilikukosea. Ukiwaandikia kwamba tumepatana, wanaweza kunirudisha."

"Hatujapatana," Kibano alimjibu, akamfungia mlango bila kuubamiza. Akaendelea na maua yake hadi yakaisha. Mchana ule alikula akashiba, wala hakumficha mtu kwa nini.